Zivisheni chupa soksi kwanza

SWALI: Sisi ni marafiki wanane wenye chama kidogo cha mvinyo hapa Nairobi. Tunakutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu. Mwezi uliopita tulifungua shampeni tano za kampuni tofauti tukitarajia kujifunza, lakini kufikia ya tatu zote zilikuwa kama zimefanana, na mwishowe tukakubaliana kwamba ile ghali ndiyo bora. Mwezi ujao zamu ni yangu, Kileleshwa. Ninunue zipi, na nizipangeje ili tuone tofauti? Tena nina chupa niliyopewa na mjomba siku ya harusi yangu mwaka 2009, bado iko kabatini. Niitoe?

JIBU: Dada yangu, ugonjwa wenu umejificha ndani ya neno moja uliloliandika: "tukakubaliana". Watu wanane wenye ndimi nane hawapatani haraka hivyo juu ya kitu walichokionja. Mliiona lebo, mkaijua bei, mmoja mwenye sauti nzito akasema "hii ndiyo yenyewe", na kuanzia hapo mkawa mnaonja maneno yake.

Usidhani nakucheka. Mimi mvinyo ndiyo kazi yangu, na yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa kikao cha kuonja shampeni kwa wageni kumi katika ukumbi mmoja hapa mjini. Chupa ya mwisho, ghali kuliko zote, ilikuwa ya kioo kisicho na rangi, na nilikuja kujua baadaye kwamba ilikaa miezi mingi kwenye rafu ya duka, chini ya taa ya tyubu. Nilipoimimina nilinusa kitu kidogo kisichoeleweka, nikakipuuza. Ningefanyaje, na nimeshaimba sifa zake dakika tano nzima? Mgeni mmoja akasema anasikia maua meupe. Wa pili akaongeza asali. Kumi wote wakatikisa vichwa. Nilipoingia jikoni nikampa kijana aliyekuwa akituoshea glasi aonje kidogo. Akanusa, akaniangalia kwa adabu, akauliza: "Mzee, hii si kama maji ya kabichi?"

Yalikuwa maji ya kabichi kabisa. Mwanga ukipiga mvinyo ulio kwenye kioo cheupe, vitamini B2 iliyomo ndani huamshwa na kuanza kuvunjavunja asidi amino yenye salfa, na kinachobaki ni ile harufu ya kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Wafaransa huiita ladha ya mwanga. Chupa ya shampeni iitwayo Cristal, iliyobuniwa mwaka 1876 kwa ajili ya mfalme Alexander II wa Urusi, ni ya kioo kama hicho, na ndiyo sababu huuzwa imefungwa kwa nailoni ya rangi ya dhahabu inayozuia miale. Kioo cha kijani kilichokolea au cha kahawia hujilinda chenyewe vizuri zaidi. Kwa hiyo ukienda kununua, usichukue chupa iliyopangwa mbele ikimeremeta chini ya taa. Mwombe muuzaji akutolee iliyo ndani ya boksi.

Yule kijana alikuwa na kitu kimoja tu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho: hakuiona chupa.

Basi tafuta soksi ndefu za kuchezea mpira, zile zinazofika magotini, zote za rangi moja. Chupa huingia vizuri mpaka shingoni. Kabla ya kuivisha, bandua karatasi yote ya shingo, maana rangi yake peke yake inatosha kutoboa siri, na weka kando vizibo pamoja na vile vikofia vya bati vyenye nembo. Hata hivyo kuna nyumba za shampeni, yaani kampuni zinazoitengeneza, ambazo chupa zake zina umbo lake, tumbo pana au shingo nyembamba, na mtu mjuzi ataitambua hata ikiwa ndani ya soksi. Heri zaidi amimine mtu wa nyumbani asiyeonja, huko huko jikoni, kisha glasi zije kwenye sinia zikiwa na namba tu. Yeye ndiye mwenye orodha, na orodha hiyo isitoke jikoni.

Halafu kimya. Dakika tano kwa kila raundi, simu zimelazwa kifudifudi, kila mtu na kalamu yake. Mkimaliza, aanze kusema yule mpole kuliko wote, na mwenyekiti wa chama aseme mwisho. Unawajua watu wetu: mkubwa akishasema, wadogo hufunika daftari.

Sasa, kwa nini zilifanana kufikia chupa ya tatu? Piga hesabu. Chupa tano za mililita 750 kwa watu wanane ni karibu mililita 470 kwa kila mmoja, zaidi ya nusu chupa ya kinywaji chenye kilevi cha asilimia 12 hivi. Ulimi ulishachoka. Lakini sababu kubwa ni jinsi mlivyozichagua. Mlichukua chupa tano za kampuni tofauti, na nakisia zote zilikuwa Brut za kawaida, yaani kavu, zisizo tamu, zile zisizo na mwaka kwenye lebo. Chupa za namna hiyo huchanganywa kwa makusudi, mvinyo wa mwaka huu na akiba ya miaka ya nyuma, ili ladha ya nyumba isibadilike kutoka mwaka hadi mwaka. Zinatofautiana, ndiyo, ila kwa mambo saba madogo kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua ni lipi linalomgusa ulimi. Acheni kulinganisha majina. Tafuteni jozi zinazotofautiana kwa sababu moja.

Ili uzijue sababu zenyewe, fuata chupa moja tangu mwanzo.

Shampeni hutoka sehemu moja tu, Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kando ya miji ya Reims na Épernay, kwenye baridi na udongo wa chaki. Karibu zabibu zote ni za aina tatu: Chardonnay iliyo nyeupe, na Pinot Noir na Meunier zenye ganda jeusi lakini maji meupe. Kwanza hutengenezwa mvinyo wa kawaida usio na mapovu, mchachu wa kukunja uso. Mvinyo huo hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari, gramu 24 hivi kwa lita, kisha chupa hufungwa. Hamira hula sukari, gesi haina pa kutokea, na presha hupanda hadi kama angahewa 6, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Ikiisha sukari, hamira hufa na kulala ubavuni mwa chupa kama mashapo.

Hapo ndipo penye utamu wa habari. Hamira iliyokufa huanza kumeguka polepole gizani, mwezi baada ya mwezi, na kuuachia mvinyo ladha ya mkate. Sheria inadai chupa isiyo na mwaka ikae ghalani angalau miezi 15, na 12 kati ya hiyo iwe juu ya mashapo. Yenye mwaka hukaa miaka 3, na nyumba kubwa huongeza. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yateremke shingoni. Kazi hiyo ilipata umbo lake mwaka 1816 hivi katika ghala la mjane Barbe-Nicole Clicquot pale Reims, kwa meza iliyotobolewa matundu. (Yule mtawa Dom Pérignon, ambaye watu humtaja kama mvumbuzi wa shampeni, hakuivumbua. Alikuwa stadi wa kuchanganya zabibu, na yasemekana mapovu yenyewe yalimkera.) Shingo hugandishwa, kifuniko hufunguliwa, donge la mashapo huruka nje, na nafasi yake hujazwa mvinyo wenye sukari kidogo. Sukari hii ya mwisho ndiyo inayosomwa kwenye lebo: Brut Nature haikuongezwa kitu na ina chini ya gramu 3 kwa lita, Extra Brut haipiti 6, Brut ni chini ya 12, Demi-Sec ni kati ya 32 na 50. Jihadhari na Extra Dry. Jina linadai ni kavu mno, kumbe ina gramu 12 hadi 17, ni tamu kuliko Brut. Wengi wameliwa hapo.

Kwa hiyo kinachoweza kutofautisha chupa mbili ni zabibu, muda juu ya hamira, sukari, na mahali. Kuna mengine, kama vile mvinyo wa kwanza kukaa kwenye mapipa ya mti, lakini hayo manne ndiyo ya kuanzia. Kwa mwezi ujao naona matatu tu yanatosha.

Mpango wangu kwako ni chupa tano, idadi ile ile ya mwezi uliopita. Mbili ziwe za aina moja, nazo ndizo kipimo chenu. Chukua mfano Moët & Chandon Brut Impérial, kwa sababu ni rahisi kuipata Nairobi na nyumba hiyo ina ngazi zote tunazozitaka. Ya tatu iwe Nectar Impérial, Demi-Sec ya nyumba hiyo hiyo. Ya nne iwe Grand Vintage yao, yaani ya mavuno ya mwaka mmoja, iliyokaa ghalani miaka mingi zaidi. Ya tano iwe Cap Classique ya Afrika Kusini. Ukipata nyumba nyingine yenye ngazi hizo, itumie. Jina hapa si hoja.

Raundi ya kwanza ni mahali, nayo ndiyo itakayowanyenyekeza. Cap Classique hutengenezwa kwa njia ile ile ya kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa. Kampuni ya Simonsig walianza nayo mwaka 1971 kwa Kaapse Vonkel yao, na wenzao wa Graham Beck wanajivunia kwamba chupa zao zilifunguliwa Nelson Mandela alipoapishwa mwaka 1994. Nyingi siku hizi ni za Chardonnay na Pinot Noir, zabibu zile zile za Champagne, na bei ni ya chini sana. Tofauti ni jua. Huko Cape, Afrika Kusini, zabibu huiva zaidi, tunda linakuwa nono, uchachu unalegea kidogo. Je, mtaitambua? Msiulizane "ipi nzuri". Fanyeni mtihani wa glasi tatu: kila mtu apewe glasi mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine, asijue ipi ni ipi, aseme tu ipi ni mgeni. Watu wanne wapate shampeni mbili na Cap Classique moja, wanne wengine kinyume chake.

Nakupa na hesabu yake, maana hapa ndipo vyama vingi hujidanganya. Mtu akibahatisha tu, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Kwa watu wanane, wawili au watatu watapatia hata wakifumba macho wakachagua. Wakipatia watano bado inaweza kuwa bahati. Wakifika sita ndipo mseme kwa ujasiri kwamba meza yenu inaitambua tofauti. Nimeona meza za watu wanaojiita wajuzi zikitoa watatu. Na wale wasiopatia msiwacheke, wamewaokolea pesa.

Raundi ya pili ni muda: Brut Impérial kwa Grand Vintage. Si jozi safi kabisa, kwa sababu ya mwaka huchaguliwa zabibu zake na hutolewa tu mavuno yakiwa mazuri, lakini ndiyo nyepesi kupangwa. Tafuteni mkate. Ile changa itanukia limau na tufaa la kijani. Nyingine itakuwa na unga uliofura, mkate uliobanikwa mpaka ukingo ukawa kahawia, pengine korosho za kuchoma. Zisikilizeni pia baada ya kumeza au kutema: hesabu sekunde ladha inavyokaa. Ikiondoka ukiwa kwenye nne, andika nne. Kwa maoni yangu kipimo hiki cha sekunde kina maana kuliko alama zote za kati ya mia, kwa kuwa hakuna anayeweza kujifanya anasikia kitu ambacho kimeshaondoka.

Raundi ya tatu, sukari. Iwe ya mwisho daima, maana ukianza na tamu, kavu zote zitakazofuata zitaonekana chachu kama adhabu. Hapa hakuna wa kukosea kusema ipi ni tamu. Swali la kuandika ni jingine: je, baada ya sukari kuingia, ndimu imekwenda wapi? Uchachu wa Demi-Sec haujaondoka, umefunikwa shuka. Anayeweza kuusikia chini ya ile shuka ameanza kuonja.

Zabibu tuziache kwa mwezi mwingine. Siku hiyo tafuta Blanc de Blancs, ya Chardonnay tupu, mkabala na Blanc de Noirs, ya zabibu nyeusi tupu, ikiwezekana za nyumba moja. Na Prosecco, ule mvinyo wa mapovu wa Italia, usiiweke kwenye mashindano haya. Nyingi hupata mapovu yake ndani ya tangi kubwa la chuma, kwa muda mfupi, kwa hiyo kuitafutia mkate ni kuionea.

Vipimo: mimina mililita 50 kwa kila glasi. Pima mara moja kwa maji na kikombe cha kupimia, ujue zinafika wapi kwenye glasi. Kwa mpango huu Brut Impérial mbili zinatosha raundi zote tatu, na kila mtu atakuwa amepita na mililita 350 jumla, chini ya nusu chupa. Weka makopo ya kutemea, na usiwaonee haya wanaoyatumia. Hata hivyo anayetema naye hubaki na kiasi fulani mwilini, na Alcoblow, kile kipimo cha pumzi cha polisi, haiulizi kama ulimeza. Waite teksi.

Glasi zitakutoa jasho kuliko mvinyo. Raundi ya kwanza inataka glasi 24 zinazofanana. Wale wanaokodisha vyombo vya sherehe watakuletea hizo kwa bei nafuu, ila waambie hutaki zile ndefu nyembamba za harusini. Hizo ni nzuri kwa picha, pua haina pa kuingia. Omba glasi za mvinyo mweupe, tumbo pana kidogo na mdomo uliorudi ndani. Zisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, zote uzifute kwa kitambaa kimoja.

Nasisitiza kitambaa kimoja kwa sababu hii. Watu hupenda kusifia uzi wa mapovu unaopanda kutoka chini ya glasi, wanasema mapovu madogo ni dalili ya shampeni bora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reims, Gérard Liger-Belair na wenzake, wamelifuatilia jambo hili miaka mingi. Povu huanzia kwenye unyuzi mdogo wa kitambaa au vumbi ulionasa kwenye kioo, wenye hewa ndani yake. Glasi isiyo na unyuzi wala mkwaruzo hata kidogo haitatoa uzi wowote, hata ukiitilia shampeni ya mfalme. Na sabuni iliyobaki huua povu la juu. Basi mkilinganisha mapovu kwenye glasi zilizooshwa na watu wawili tofauti, mnalinganisha waoshaji.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mvinyo haviliandiki, maana waandishi wake hawaishi juu mlimani kama sisi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi na githeri inakula gesi. Kwenye glasi, povu lile lile la gesi huvimba karibu robo zaidi kuliko lingevimba pwani. Povu hupanda kwa fujo na kumwagika. Dawa yake ni baridi na subira. Chupa zikae friji tangu asubuhi, au nusu saa kwenye ndoo yenye barafu na maji. Barafu peke yake bila maji haigusi chupa vizuri, maji ndiyo yanayobeba baridi. Kufungua: legeza waya, mizunguko sita ya nusu nusu, dole gumba lisitoke juu ya kizibo hata sekunde moja. Shika kizibo, zungusha chupa, kiache kipumue kwa sauti ya mtu anayeguna. Ule mlipuko wa vilabuni na fataki zake ni gesi uliyoilipia ikienda darini. Inamisha glasi na umimine ubavuni kama bia. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2010 kwamba kumimina hivyo huhifadhi gesi nyingi zaidi kuliko kumwaga katikati.

Ila msionje ikiwa baridi ya friji. Ikiwa nyuzi 4 au 5 hamtasikia kitu ila baridi, na nashuku ndivyo ilivyokuwa mwezi uliopita. Glasi zikishamiminwa, ngojeni dakika kumi. Mnataka nyuzi 8 hadi 10, na Grand Vintage haitakasirika ikifika 12. Rudini kwenye glasi moja mara tatu, kila inapopata joto. Mara nyingi ndipo mkate hujitokeza, wakati wenye haraka wameshamaliza.

Kuhusu maneno ya kuandika: acheni kuazima. Nimeona Mkenya akiandika kwamba anasikia tunda ambalo hajawahi kulishika maishani, kwa sababu alilisoma nyuma ya lebo. Pua yako ina maktaba yake. Unajua tofauti ya ndimu na limau, ya maganda na maji yake. Unajua mandazi yakiwa bado kwenye beseni yanaumuka na yakiwa yametoka kwenye mafuta. Unajua chaki ya ubaoni, makadamia, pasheni iliyokunjamana, vumbi linaponyeshewa na mvua ya kwanza. Andika hivyo hivyo. Na ukisikia boksi lililolowa au kitambaa cha deki kilichokaa na unyevu, sema bila aibu: hicho ni kizibo kibovu, na chupa hiyo haihukumiwi.

Chakula kije baada ya kalamu kuwekwa chini. Wakati wa kuonja, mkate mweupe na maji tu, na manukato makali wageni wayaache nyumbani. Baadaye leta vya chumvi na vya kukaanga: bhajia za viazi, chipsi, kuku, sambusa zisizo na pilipili nyingi. Uchachu na gesi hukata mafuta vizuri sana, kwangu bhajia na Brut zinashinda karamu nyingi za hotelini. Keki, kama ipo, ni ya Nectar iliyobaki. Kunywa Brut na keki, kama tunavyofanya kila harusi, ndiko kulikowafanya wengi waamini shampeni ni chungu. Sukari ya keki huivua shampeni utamu wake mdogo ikabaki ndimu tupu. Zikibaki, funga kwa kizibo cha kubana urudishe friji. Kile kijiko ambacho watu hukitia shingoni ili gesi isitoke hakifanyi kazi, shangazi anisamehe.

Sasa chupa ya mjomba. Itoe, lakini nje ya mashindano, mwisho kabisa. Angalia kama ina mwaka kwenye lebo. Kama haina, ilitengenezwa inywewe mapema, na miaka yote hiyo kabatini, kwenye joto linalopanda na kushuka, imeizeesha. Tarajia rangi ya asali, mapovu machache, harufu ya karanga, uyoga, au tufaa lililokatwa likasahauliwa. Kuna wanaoipenda hivyo, mimi nikiwemo siku nyingine. Ibaridishe ikiwa imesimama, na uifungue wewe mwenyewe polepole, kwa kuwa kizibo cha zamani huweza kukatika. Kikitoka kitazame upande wa chini. Kikitanuka kama uyoga, bado kilikuwa kinabana na pengine gesi imebaki. Kikibaki kimenyooka kama kigingi, kilishachoka zamani na hewa ilikuwa ikipita. Vyovyote iwavyo, ivishe soksi nayo, wamiminie wote kidogo, na wakishaandika ndipo uwaambie habari za mjomba.